Taa ya Kona Iliyokataa Kuketi

Jamani wenzangu, leo nimepatikana.

Mnajua namtaka Skolastika wa Litembo. Leo baba yake, Mzee Damiani, alikuja kuitazama nyumba yangu kabla ya kutoa jibu. Nami nilishaapa kwamba atakuta kitu ambacho hakipo kwa mtu yeyote hapa Kitura: taa ya kona. Niliiona kwa bwana shamba Mzungu, nilikokuwa napasua kuni. Ndefu, imechongwa, imesimama yenyewe sakafuni. Haisomewi wala haipikiwi. Inapendezesha kona tu.

Nikachonga yangu. Kijana wa mti, kimo changu, ameinua mkono, na mkononi nikamtundikia chemli. Miguu ikanishinda (mmoja ulitoka wa mbuzi), nikamvalisha kanzu yangu ya kanisani. Shangazi akasema, "Mwanangu, weka taa mezani kama watu." Nikakataa katakata.

Sasa, kwa desturi yetu mposaji hakai na mkwe mpaka aitwe. Kwa hiyo nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi. Nje ukungu, ndani moshi. Mjomba, ambaye ndiye mshenga wangu, akamketisha mzee sebuleni, karibu na taa yangu, kisha akatoka kufuata pombe kwa jirani.

Halafu nikasikia, "Kijana, huamkii?"

Nikajua nimeitwa. "Shikamoo, baba," nikasema kule kule jikoni.

"Marahaba. Weka taa chini, uketi."

(Taa gani? Sikuuliza. Mkwe haulizwi.) Nikaketi juu ya kinu.

"Nimesema uketi."

"Nimekwisha keti, baba."

"Umeketi?"

"Nimeketi kabisa."

Nikasikia kigoda kikisukumwa. "Mimi ni mzee, si kipofu," akasema. Kikafuata kishindo cha mti kuvunjika, na mzee akapiga yowe.

Nikatoka mbio. Chemli iko chini imezimika. Mzee Damiani ameshika mkono mzima wa mti ndani ya mkono wa kanzu yangu, anaiambia taa, "Nisamehe mwanangu, sikukusudia." Kisha akaniona mimi mlangoni, na mikono yangu miwili. Nilitamani kurudi jikoni nijifunike chungu.

Mjomba akaingia na mtungi wa pombe. Mzee akamwuliza taratibu, "Kati ya hawa wawili, anayeoa ni yupi?"

"Ni mimi, baba," nikasema.

Akanitazama, akaitazama taa. "Basi mwenzako ana adabu kukuzidi. Yeye hakunidanganya kwamba ameketi."

Ameondoka bila kuonja pombe. Jibu atalileta Jumapili. Shangazi anataka kuitia taa motoni, lakini mimi nimekwisha anza kuchonga mkono mwingine. Kona ile itawaka, na Skolastika nitamwoa.

Ila nawaomba, mkikutana naye njiani msicheke. Bado sijamweleza kwamba baba yake amekwisha pata mkwe anayemfaa, na si mimi.