Kibla Kimeingia Jikoni

Ijumaa, 13 Februari

Siku tukufu. Leo nimeutikisa msikiti wa Olumbi kwa maneno matupu!

Baada ya sala nilisimama. Nikawaambia waumini kwamba tangu turudi kutoka ukimbizini na kuujenga upya msikiti huu, tunasali upande usio wake. Nimepima mwenyewe, kwa dira ya kwenye simu, simu imetulia vizuri juu ya spika ya adhana. Kibla halisi kiko zaidi kulia, kuelekea baharini. Nikawasomea habari za Nabii Nuhu. Nikawaita watubu na wazilipe sala zao zote.

Kisha Cassimo, muuza samaki, akauliza kama kibla nacho kimehamishiwa Quitunda, walikopelekwa watu kupisha mradi wa gesi, na kama kimeshapewa nyumba ya matofali. Watu wakacheka mpaka wazee wakafuta machozi. Hivyo hivyo walimcheka Nuhu.

Maalim Sualehe, imamu wetu, mtu mpole mpaka anachosha, alisema tutazungumza baadaye. Baadaye! Sala ya alasiri nikasimama mshazari katika safu, peke yangu upande wa haki. Tulipokwenda sijida, kichwa changu kikakutana na cha Cassimo. Ana nundu. Mimi sina. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 14 Februari

Maalim Sualehe kaja nyumbani. Habari kubwa! Kiti cha darsa ya Ramadhani, kila alasiri, mwezi mzima, kiti nilichokitamani tangu nina nywele, ni changu nikikitaka. Lakini kwa sharti. Watu wetu huombana radhi kabla ya mwezi kuandama, basi na mimi niwaombe radhi wale niliowavurugia safu, na Cassimo kwa ajili ya kichwa chake.

Nilimwuliza ni wapi imeandikwa kwamba Nuhu aliomba radhi. Akajibu kwamba haikuandikwa popote kwamba Nuhu alimgonga mtu kichwa. Kisha akatazama chini.

"Bwana Carimo, watu hawa wametawanyika vya kutosha. Ndiyo kwanza wamerudi. Sitaki nyumba ya Mungu iwe na pande mbili."

Maneno mazuri sana. Nimeyahifadhi. Nitayatumia kwenye darsa yangu.

Maana darsa nitaipata, na radhi siombi. Nitapima upya mbele ya shahidi asiye wa msikitini, na wao ndio watakaoniomba mimi.

Jumapili, 15 Februari

Shahidi: jirani yangu Gildo, Mmakonde wa Mueda, seremala na katekista. Tunabishana dini kila Jumapili akitoka misa, na kila Jumapili namshinda, ingawa yeye hajui. Jicho lake halipotoshwi na mstari uliopinda.

Nikatandika mkeka barazani. Nikaweka simu. Dira ikapinda kulia, kama nilivyosema! Nikamwambia Gildo atazame, na akumbuke alichokiona, maana ataulizwa.

Hapo mke wangu, Zuleica, akaja kuchukua redio yake, ile kubwa, iliyokuwa kando ya simu upande wa kulia. Akaiinua, akaipitisha juu ya simu. Mshale ukageuka. Zuleica akaelekea jikoni na redio yake inaimba, mshale nao ukageukia jikoni. Alipokwisha kuingia, ukayumba, ukarudi, ukatulia sawasawa upande wa mihirabu ya Maalim Sualehe.

Zuleica akachungulia mlangoni. "Baba Fauzi, kibla kimeingia jikoni."

Gildo alishika nguzo asianguke kwa kicheko. Alipopata pumzi akaniuliza, kule msikitini simu niliiweka juu ya nini. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la Kikatoliki.

Akaniletea habari za Yunus, wanayemwita Yona. Ati mji mzima ulitubu, hata ng'ombe wakavishwa magunia, na aliyebaki amenuna peke yake nje ya mji alikuwa mhubiri. Nilimkamata papo hapo: gunia la ng'ombe lina tundu ngapi? Akaniaga akaenda zake. Nimeshinda tena.

Jumatatu, 16 Februari

Zuleica hanipi nafasi. Ananiambia spika ina sumaku kama redio, ila kubwa zaidi. Najua! Nani alimfundisha habari za sumaku? Ananiambia niende nikaseme nilikosea, neno moja tu, nipate kiti changu. Asubuhi kasema, mchana kasema, wakati wa kula kasema.

Nikatia vidole masikioni. Akaendelea. Nikajifunika shuka gubigubi.

Kupitia shuka nilimsikia: "Vidole masikioni, nguo mwilini. Hiyo ni sura ya Nuhu, aya ya saba. Uliwasomea watu Ijumaa."

Mwanamke huyu anazisikiliza mno darsa zangu.

Jumanne, 17 Februari

Mpango mkubwa! Anayemwendea mwenzake ndiye huanza kuomba. Basi siendi popote. Nimevaa kanzu ya Idi, nimekaa barazani. Waje wao.

Wakaja! Cassimo alinishika mikono, akaniomba radhi kwa kunicheka. Nikamsamehe. Akangoja, nundu inang'aa. Nikamtakia biashara njema.

Jioni, katika tope lote lile la mvua, akaja Maalim Sualehe mwenyewe, viatu mkononi.

"Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kwa ajili ya Mungu."

Naapa neno lilifika mpaka kwenye meno. Zuleica alikuwa mlangoni ameshika mwimo kwa mikono miwili. Ilibaki kufungua kinywa tu.

Nikafungua. "Nimekusamehe, Maalim. Usirudie."

Zuleica akajifunika uso kwa kanga.

Alhamisi, 19 Februari

Funga ya kwanza. Kiti hawakunipa. Maalim Sualehe alikikalia mwenyewe, akasoma darsa ya Nuhu. Darsa yangu! Polepole, bila kumtaja mtu, alieleza kuhusu watu wanaoitwa usiku na mchana na hawasikii. Wote waligeuka kunitazama, bila shaka wapate kuona mwanachuoni anavyosikiliza. Mimi nilimtazama Cassimo. Nilimhurumia. Kila neno lilimlenga yeye.

Safu ilipopangwa, Cassimo alinishika kiwiko, akanigeuza taratibu mpaka nikanyooka. Nikamwachia. Kafunga, masikini.

Baada ya futari nimemweleza Zuleica kwamba katika kisa hiki chote kuna mtu mmoja tu anayepaswa kutubu: yule aliyeleta ndani ya nyumba yangu redio yenye sumaku.

Akaanza kunikumbusha ni nani aliyeinunua.

Nikatia vidole masikioni.