Kamati ya Kudumu ya Salamu ya Kidole Kimoja

Wananchi wa Dunvik wanatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba salamu ya kidole kimoja, ile wanayopeana madereva wakipishana barabarani, haimo tena mikononi mwa watu binafsi. Imechukuliwa na Halmashauri. Nina uhakika na habari hii kwa sababu Kamati ya Kudumu ya Salamu ina katibu mmoja, naye ni mimi, Lyle Fossum.

Sababu ilikuwa nzito. Ghala letu la nafaka, la mbao, la mwisho kubaki kando ya reli, lilikuwa limepangiwa kubomolewa. Mkaguzi wa Urithi alikuwa anakuja kutoka Regina, mji mkuu wa jimbo letu, kuona kama mji bado una utamaduni ulio hai. Akiridhika, ghala litabaki. Asiporidhika, tutabakiwa na uwanda na upepo wake. Babu yangu aliuza ngano yake pale maisha yake yote, na nilikuwa sipati usingizi.

Meya wetu, Mheshimiwa Garnet Halvorsen, aligundua tatizo mapema. Watu walikuwa wanasalimiana ovyo. Wengine waliinua vidole viwili, wengine walitikisa kichwa tu. Wabaya zaidi walisimamisha pikapu mbili katikati ya barabara, dirisha kwa dirisha, wakapiga soga kuhusu mvua mpaka injini zikapoa. Basi tukatoa kanuni: kidole cha shahada, kinyooke chote, kiganja kisiachie usukani, na gari lisisimame kwa hali yoyote ile. Mkosaji ataosha vyombo vyote vya karamu ya mavuno.

Mkahawani kanuni ilipokelewa kwa utulivu.

"We Garnet, umepigwa na jua?" aliuliza Bibi Olha Hrynchuk, mkulima wa dengu. "Nikikutana na jirani yangu Wasyl nisimuulize nyonga yake inaendeleaje?"

"Utamuuliza kwa kidole, Bibi Olha."

"Nyonga nzima kwa kidole kimoja?"

"Kwa uzalendo."

"Haya baba, mkubwa ni wewe." Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Nikaandika kwamba wananchi wameunga mkono.

Siku ya ukaguzi mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu ukilowa hauna urafiki na mtu. Meya alimpakia mkaguzi, Bi. Pelletier, kwenye gari lake jipya, mimi nikakaa nyuma. Tulipokaribia ghala tukaona trekta inakuja.

"Tazama sasa, mama," alisema Meya, akainua kidole kwa fahari hata akasahau kona. Gari likateleza, likaingia uani kwa ghala na kuzama matopeni mpaka milangoni.

Mwenye trekta alikuwa Bibi Olha. Aliinua kidole. Kilinyooka vizuri sana. Akapita.

"Bibi Olha! Simama!"

"Kwa hali yoyote ile, mwanangu!" alijibu bila kugeuka.

Ikaja pikapu ya Wasyl. Kidole. Likaja lori la ngano. Kidole. Meya akaanza kupunga mikono yote miwili, na kama katibu nililazimika kumkumbusha kwamba hilo ni kosa.

"Lyle, funga domo."

Bi. Pelletier alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavua viatu, akavuka matope mpaka barabarani. Bibi Olha, aliyekuwa hajafika mbali, aligeuza trekta papo hapo.

"Wewe huna gari, kanuni haikuhusu. Panda mwenzangu, kuna perohi za moto nyumbani. Hao wawili waache wasalimiane."

Baada ya sahani mbili za perohi, zile za unga zilizojazwa viazi, na soga ndefu kuhusu mvua, mkaguzi alirudi ghalani na uamuzi: ghala litahifadhiwa. Nililia, sioni haya kusema. Litahifadhiwa pamoja na vyote vilivyokutwa uani, kama vilivyokutwa, na kitu kisisogezwe bila kibali cha Wizara.

"Na gari langu?" aliuliza Meya, matope yamemfika kiunoni.

"Limekutwa uani," alijibu Bi. Pelletier kwa upole. "Omba kibali. Kuna kamati inayoshughulikia."

Kamati bado inashughulikia. Theluji imeanza, na Meya huenda ofisini kwa miguu. Lakini hakosi heshima. Kila gari linalompita, dereva huinua kidole kikanyooka chote, na halisimami hata moja.