Uzinduzi wa Kung'oa Jasusi Kwenye Kompyuta ya Mama Marsela

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ndiye mimi; viongozi wa dini, akina mama wa kwaya, madereva wa watalii mliozima injini kwa heshima yangu, na ninyi wananchi wa Qurus mliosimama kwa kuwa viti ni vya waheshimiwa: nisiyemtaja ajihesabu ametajwa, tena kwa cheo.

(Makofi ya dereva wa mgeni rasmi.)

Tupo uani kwa Mama Marsela, anayelaza watalii wanaokwenda Ngorongoro, na ambaye kompyuta yake ya nyumbani iliingiwa na programu ya kijasusi, yaani kidudu kisichoonekana kinachosoma kila anachoandika, kiasi kwamba mgeni akiomba chumba kwake, kabla hajajibiwa keshapigiwa simu na loji nyingine akahamishwa. Ofisi yangu haikulala! Baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi na kapasiti bildingi kule Arusha, wataalamu wangu wameisafisha kwa asilimia mia moja na nne, na mnaiona pale dirishani ilivyofunikwa kitambaa cha kufuma, jasusi asipate pa kuchungulia.

("Kitambaa nimefuma mwenyewe!" anapaza sauti Mama Marsela. "Mtaalamu gani alikuja hapa? Wageni wangu wa Julai wote wameishia kwenye loji ya shemeji yako! Wanangu watakula nini?" Minong'ono.)

Mama, tulia, jazba haijengi nchi. Shemeji yangu ni mwekezaji mzawa, wageni wanampenda tu, nimzuie kupendwa? Na kama kuna mtu Karatu nzima anayeijua kompyuta yako nje ndani ni mimi, niliyekuletea ile flashi ya zawadi ya Krismasi, ukaichomeka kwa mkono wako huku ukinipigia vigelegele. Leo unanikana mbele za watu!

Kompyuta safi! (Anaitikia dereva peke yake.) Jasusi nje! (Mzee mmoja wa Endabash anacheka hadi anakohoa.)

Namalizia kwa shukrani. Nakushukuru, Mama Marsela, kwa yale malalamiko uliyoanza kuyaandika jana kwenye kompyuta hiyohiyo, kwamba mradi huu haupo, haujawahi kuwepo, na hakuna mtaalamu aliyekanyaga hapa. Umeandika vizuri sana, na ni kweli tupu. Ila usihangaike kuyatuma, mama. Nimeshayasoma.

Asanteni. Chakula kiletwe.