Ombi la Kumshusha Bwana Yangu Buffalo na Kumpandisha Shemeji Kutoka Louisville

Reynoldsburg, pembeni ya Columbus
Jumapili, 5 Juni 2016

Kwa Parrain, msimamizi wa ndoa yetu, Papa Bahizire,
Black Rock, Buffalo

Nakala: Marraine Emérence, mkeo (naomba apewe aisome mwenyewe, asisomewe)

KUHUSU: Timu ya nyumbani kwangu kushindwa kupiga

Parrain mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima ileile niliyokupa siku uliposimama kuume kwa Zihindula katika kanisa la kambini Nyarugusu, ukaahidi mbele ya mchungaji kwamba ndoa yetu ikiyumba utaishika. Bon, inayumba. Haijaanguka, usiogope, na hakuna aliyemnyanyulia mwenzake mkono. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikikupigia kuanzia saa moja jioni, simu yako inatumika. Anayeongea nawe ni bwana yangu, aliyeketi hatua tatu kutoka nilipo.

Kwa ajili ya Marraine, ambaye huenda hajaelezwa ukweli wote, naomba nieleze mwanzo. Hapa Columbus kuna timu ndogo ya besiboli. Louisville, anakoishi Aganze, mdogo wa Zihindula, kuna nyingine. Kwenu Buffalo kuna nyingine. Vijana wa timu hizo wanasubiri kama sisi tulivyosubiri majina yabandikwe ukutani kambini. Timu kubwa ikishindwa kupiga mpira, inamshusha mpigaji mmoja aliyechoka na kumpandisha kijana mmoja kutoka chini. Sasa, timu kubwa mnayoishangilia ninyi wanaume watatu mwaka huu haipigi kitu. Mrushaji anarusha, mpigaji anazungusha gongo, upepo unapita, anarudi kukaa. Donc, tangu mwezi wa nne mnabishana ni nani apandishwe. Zihindula anamtaka kijana wa Columbus, Aganze anamtaka wa Louisville, na wewe, samahani kukutaja, unamtaka wa Buffalo.

Mimi ninachotaka ni kidogo. Jumatatu tarehe 13 naanza masomo ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Ni wiki tatu, Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu, halafu mtihani Ijumaa tarehe 1 Julai. Ukikosa siku mbili unaondolewa. Mwezi wa nne niliondolewa. Siku ya kwanza Zihindula alipitia kwa rafiki aone mwisho wa mchezo, na mchezo huo hauna mwisho. Unaweza kuzaa mtoto na kumwachisha ziwa bado wako sare. Siku ya pili aliniambia kwenye simu, "Mama Aloisi, mpigaji moja tu, ninakuya." Nikasubiri mlangoni na begi begani mpaka nikavua viatu. Walimu wamenipa nafasi ya pili. Ya tatu haipo. Nimechoka kuokota nguo ambazo watu wanazijaribu dukani na kuziangusha sakafuni. Nataka kazi ambayo ninayemwokota ni mtu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kelele. Simu inawekwa juu ya frigo, sauti ikiwa wazi, ili bwana yangu awe na mikono miwili ya kubishia. Sandrine ana miezi saba. Nikishamlaza tu, inatoka Louisville sauti ya mdogo mtu akimwita kaka yake: "Yaya, ule wenu anapiga hewa! Anapiga inzi!" Zihindula anajibu, "Weye Aganze, nyamaza, haujue kitu, ulianza kuangalia juzi." Halafu inatoka Buffalo sauti ya mtu mzima, yenye busara, ambayo ilitufundisha siku ya harusi kwamba mke na mume wasemezane polepole, nayo inapiga ukelele: "Wote babili hamuna macho!" Sitasema sauti hiyo ni ya nani.

2. Mfano mbaya kwa watoto. Wiki iliyopita nimemwambia Aloisi aokote vitu vyake vya kuchezea. Ana miaka minne. Akanijibu kwa Kiingereza, akishika bega, kwamba ameumia na ameandikwa kwenye orodha ya majeruhi kwa siku kumi na tano. Nilipomwuliza nani amemwandika, akasema, "Daddy." Nilimwangalia baba yake. Baba yake aliangalia dari. Siku kumi na tano, Parrain, na siku hizo zimehesabiwa! Kila asubuhi ananiambia zimebaki ngapi.

3. Kugombania mtoto wa watu. Hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu linahusu akili za familia. Dukani napanga nguo na mama mmoja Mmarekani ambaye babake alimpeleka uwanjani tangu akiwa na miaka sita. Nimemwuliza ni nani afaaye kupandishwa kati ya kijana wa Louisville na wa Buffalo. Aliniangalia kama nimemwuliza ni mbuzi gani anafaa kuendesha gari. Kumbe kila timu ndogo ina timu kubwa yake! Wa Columbus tu ndiye anaweza kuitwa na timu yenu. Wa Louisville ni wa nyumba nyingine, wa Buffalo ni wa nyumba nyingine tena, na hiyo iko ng'ambo ya mto, Kanada. Ninyi, watu wazima watatu, mmoja wenu mzee wa kanisa, mmekaa miezi miwili mkigombania mabinti ambao mahari yao yamekwisha kupokelewa kwingine. Nilimweleza Zihindula taratibu, kwa upole. Akasema, "Usimwambie Parrain, ataona haya." Na jioni ile mkaendelea.

4. Takwimu. Mmenifundisha wenyewe kwamba mtu hahukumiwi kwa maneno, anahukumiwa kwa wastani. Bon, wiki iliyopita nimeweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Nimemwita Zihindula kubadilisha pampers mara tisa, amekuja mara mbili, na mara moja kati ya hizo aliifunga nyuma mbele. Kumwogesha Aloisi, mara nne, amekuja mara moja, maji yalikuwa baridi. Kusonga bugali, sifuri. Mpigaji wa namna hii, kwa maneno yenu wenyewe mliyoyasema Jumatano, "anakula tu nafasi ya bengine."

Nataka niwe mkweli. Zihindula si mtu mbaya. Hanywi, anaamka saa kumi alfajiri kwenda ghalani, na nilipokuwa na uchungu wa Sandrine alinishika mkono mpaka vidole vyake vikavimba. Mpigaji wenu aliyechoka pia si mtu mbaya. Lakini nani kati yenu alisema asubiriwe? Mlisema ashushwe. Nami nafuata mafundisho yenu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima:

(a) Zihindula ashushwe Buffalo, nyumbani kwenu, chini ya Marraine, afundishwe upya misingi: kusonga bugali, kufunga pampers upande unaofaa, na kusikia mtoto analia hata kama mtu fulani amepiga mpira ukavuka ukuta. Wastani wake ukifika sita kwa tisa, nitampandisha mimi mwenyewe, na nitamngoja kituo cha basi nimevaa kitenge kipya.

(b) Aganze apandishwe kutoka Louisville kwa wiki tatu. Habari zake nimezipata kwa Mama Nyirangabo anayesali naye. Anapika sombe ya majani ya muhogo bila kuiunguza. Anaosha sufuria hata upande wa nje. Kwenye ubatizo fulani alimshika mtoto wa jirani saa nzima bila kuuliza mama yake yuko wapi. Huyu ni kijana aliyekomaa, na kumwacha chini ni dhambi. Natamka wazi, kwa sababu nawajua wamama wa kanisa, kwamba anapandishwa kwa ajili ya jiko na watoto tu. Atalala kwenye kochi la sebuleni, na chumba changu kina kufuli.

(c) Aganze akishindwa, sitaki maneno, aitwe mwingine. Najua familia ni kubwa. Binamu yao yule aliyefika majira ya baridi naye aangaliwe, na kama hapatikani mwanamume, basi mama mkwe ashushwe kutoka kwenye kiti chake cha heshima na apandishwe jikoni kwangu. Ndiyo, najua nimesema kushushwa na kupandishwa kwa mtu mmoja. Mmenifikisha huko.

(d) Hili ndilo la mwisho. Nimesikia mkisema, wewe hasa, kwamba timu ikipoteza mfululizo usimfukuze mpigaji, mfukuze kocha. Parrain, kocha wa ndoa hii ni wewe. Tumepoteza tangu mwezi wa nne, na simu ya kocha inatumika. Sikufukuzi. Mtoto hamfukuzi mzazi. Lakini nakuomba ufikirie kama haingekuwa vizuri kupumzika kidogo, umwachie Marraine aongoze mpaka tarehe 1 Julai, wewe ukimpikia chai.

Naomba jibu kabla ya tarehe 13. Begi langu la masomo limepangwa na liko nyuma ya mlango, na safari hii sitavua viatu.

Wasalimie wote wa Black Rock, na jamaa wa Riverside walioniletea blanketi Sandrine alipozaliwa, na mchungaji, na yule mama anayekaa juu yenu ambaye anagonga sakafu kwa ufagio mkipiga kelele. Mwambie agonge zaidi. Marraine nambusu mikono.

Mimi mtoto wenu katika ndoa,
Précieuse, Mama Aloisi

N.B. Jumamosi, 18 Juni. Barua imechelewa kwa kosa langu. Sipeleki mashtaka ya mtu bila yeye kuyasikia, kwa hiyo jioni ileile nilimsomea Zihindula yote. Alicheka mpaka lalamiko la tatu. La nne halikumchekesha. Kwenye (a) alitoka nje akakaa garini. Aliporudi alichukua simu, akaondoa sauti ya wazi, akapiga, kisha akaniambia, "Nimemwita Aganze mimi mwenyewe. Weye utasoma." Aganze alifika Jumamosi iliyopita kwa basi na mfuko wa mboga.

Jumatatu nilikwenda darasani. Mama Nyirangabo hakusema uongo: sufuria ziling'aa pande zote, na sombe ile ningeila hata leo. Lakini, Aganze amenieleza, Sandrine alilia tangu nilipofunga mlango. Aganze alimwimbia, alimtembeza, alimfunga mgongoni kwa kitenge changu, hakunyamaza. Zihindula alikuwa kwenye kochi la majeruhi, ameshushwa, hataki kuingilia kazi ya mwenzake. Mwisho alisimama, akamchukua, akamlaza kifuani mbele ya televisheni, akaanza kumwelezea wapigaji mmoja mmoja kwa Mashi, lugha ya kwetu, sikioni, polepole: huyu anatoka wapi, babake anafanya kazi gani (sijui anayatoa wapi), kwa nini leo atashindwa. Mpigaji wa tatu alipokosa, mtoto alikuwa amelala. Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo, na pampers ilikuwa imefungwa vizuri, nilikagua.

Alhamisi timu ilikuwa na mapumziko, hapakuwa na mchezo, na nilikwenda darasani nimeshika roho. Niliporudi Aloisi alinieleza yote, bega lake likiwa limepona. Sandrine alianza kulia, baba yake akakupigia simu, nawe ukasimama jikoni kwako Black Rock ukatangaza mchezo ambao haupo, saa nzima na zaidi, mrushaji kwa mrushaji, bila kupandisha sauti hata mara moja. Marraine ananiambia hata mkono ulikuwa ukiurusha. Kijana wa Buffalo alipiga mipira minne ikavuka ukuta. Nimeamua kutosema neno juu ya hilo.

Kwa hiyo, Parrain, futa (a). Zihindula anabaki hapa hapa. Futa (b), Aganze arudi kazini kwake kesho, na wasichana wa Louisville waambiwe ni kijana wa namna gani. Futa (c) kabla mama mkwe hajaiona. (d) futa mara mbili. Barua nakutumia hivyo hivyo kwa sababu niliiandika siku nzima na mtoto begani.

Ombi langu limebaki moja. Leo mchana nimesikia kwenye simu kwamba yule kijana wa Columbus ni moto kweli, na kwamba timu kubwa inataka kumwita wiki ijayo. Parrain, tafadhali, kama kuna mtu yeyote unayemjua, azuie. Sandrine analala wakikosa. Wakianza kupiga, Zihindula ataruka, mtoto ataamka, nitaitwa kutoka darasani, nami sitafika mtihani. Washindwe tu, polepole, mpaka Ijumaa tarehe 1. Jumamosi tarehe 2 wampandishe wanayemtaka.