Fundi Paka Rangi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka mapema. Yaani kabla mhadhara wa kwanza haujaisha. Maendeleo hayo.

Hali ya serikali yangu: Waziri amekula. Katibu amekula, kisha akala na cha Waziri. Hawa ni paka wangu. Niliwaokota nyuma ya jiko la chuo wakiwa wadogo wa kutia mfukoni, na sasa wanaishi kabatini mwangu kwa siri. Waziri ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, na sharubu za mtu mwenye madaraka. Katibu ni mweusi tii na kazi yake ni kufuata nyuma. Wote madume. Nilihakikisha mwenyewe kwa kuwatazama usoni.

Siri ni ya lazima. Mama Mwenye Nyumba hataki mnyama kwenye vyumba vyake. Mpangaji aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya kasuku, na inasemekana kasuku ndiye aliyejitaja. Nikifukuzwa sasa, katikati ya muhula, sipati chumba kingine, na Waziri na Katibu watarudi jalalani. Hilo halitokei nikiwa hai.

Alhamisi saa nne asubuhi nina mtihani wa vitendo. Nitaongoza mitambo ya redio ya chuo wakati wa taarifa ya habari, moja kwa moja hewani, mhadhiri akinisikiliza kutoka ofisini kwake. Nikifeli narudia mwaka. Sina wasiwasi. Mitambo ni vitufe tu.

Mchana jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye pia tunasoma darasa moja, alinisimamisha koridoni. Namwita Bwana Ratiba kwa sababu amebandika ratiba mlangoni na hadi siku ya kukata kucha imo. Aliniuliza nimeamkaje na wenzangu. Wenzangu! Nikamwambia naishi peke yangu. Akasema sawa, ila yule wa rangi tatu tumbo limeshuka, nimwangalie. Nikamjibu kwamba unene ni heshima.

Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Anajua!

Jumanne, 4 Machi

Toba! Naandika nimekaa sakafuni.

Nilikuwa katikati ya mhadhara wa sheria za habari, simu ikatetemeka. Mama Mwenye Nyumba. Mama huyu huandika ujumbe kana kwamba nukta zinauzwa. Naunakili wote hapa, uwe ushahidi:

"Alhamisi saa 4 nakuja na fundi paka rangi chumba chako toa vitu vyote"

Paka rangi! Yaani paka wa rangi, Waziri wangu, na ametaja mpaka chumba! Tena anakuja na fundi! Sikuwahi kujua kwamba duniani kuna mafundi wa paka. Na hiyo "toa vitu vyote" ni roho mbaya tupu. Anataka chumba kibaki wazi, maskini ya Mungu akose pa kujificha.

Nilipiga ukelele. Mhadhiri akauliza kama nina swali. Nikasema sina. Akaniomba basi nikae, maana nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Nani kanichoma kwa Mama? Bwana Ratiba, nani mwingine. Wakati wa chakula nilikaa meza ya mbali nikamkata jicho. Akanipungia kijiko. Unafiki wa waziwazi!

Jioni akili imenirudia. Mama anatafuta paka wa rangi. Asipokuwepo paka wa rangi, hakuna kesi. Nikaomba mkaa kidogo kwa mama wa kibanda cha chai, nikausaga, nikamshika Waziri, nikampaka kuanzia masikio hadi mkia. Akawa mweusi kumshinda Katibu. Katibu mwenyewe alimnusa akarudi nyuma.

Nikasimama kuistaajabia kazi yangu. Waziri akajitingisha. Akajisugua ukutani, ukuta mzima, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Akapanda kitandani. Akapita juu ya shati langu la mtihani. Alipomaliza, alikuwa na rangi zake tatu kama kawaida, na kitu cheusi kilichobaki kilikuwa chumba.

Jumatano, 5 Machi

Nimesugua ukuta tangu asubuhi. Sabuni imeisha, ukuta umezidi. Zamani ulikuwa na madoa, sasa ni wingu moja kubwa. Nimekosa mihadhara miwili na sauti imenikauka kwa vumbi la mkaa.

Waziri ananitia wasiwasi. Hali chakula. Anavuta sweta langu ndani ya kabati, analikunja, analilalia, anatoka, analikunja upya. Nadhani ni mshtuko wa jana. Nimemwomba radhi mara nyingi. Hageuki.

Bwana Ratiba alibisha hodi ameshika boksi tupu na taulo kuukuu. Akasema nitalihitaji karibuni. Nikamuuliza la nini. Akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba hata mimi nitaona. Kumbe anataka nianze kufungasha! Nikamshukuru kwa baridi, nikaliacha boksi koridoni.

Lakini sikulala bure. Nimepata Mpango. Studio ya chuo imezibwa kuta zote, sauti haitoki. Nimeenda kuhakikisha: nimejifungia ndani nikalia nyau kwa nguvu zangu zote, kisha nikatoka kumuuliza mlinzi kama amesikia kitu. Akasema hajasikia, ila ameniona kupitia kioo. Hilo halina uzito. Na taa nyekundu ikiwaka mlangoni, hata mkuu wa chuo haingii. Kwa hiyo kesho saa nne, fundi wa paka akifika chumbani, paka watakuwa chini ya meza ya mitambo, miguuni pangu. Mtihani nafanya, roho naokoa. Sijui kwa nini watu wanalalamika maisha ya chuo ni magumu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kuingia haikuwa shida. Begi chini ya meza, zipu nusu wazi wapate hewa, Waziri juu ya sweta langu, Katibu pembeni amebanwa. Ng'ambo ya kioo alikaa Bwana Ratiba, maana ratiba ya leo ilimpa yeye kusoma habari. Saa nne. Taa nyekundu. Nikafungua sauti yake, akaanza na habari ya usafi wa mabweni. Mambo safi kabisa.

Begi likaguna.

Nikalisukuma kwa mguu. Likaguna tena, guno refu, la mtu mwenye shida nzito. Nikainama chini ya meza nikafungua zipu. Kulikuwa na kitu kidogo juu ya sweta langu, kimelowa, kinatambaa. Nikadhani panya. Kikatoka kingine. Nikaona kinakotoka.

Macho yalinitoka. Dume langu! Nikaruka kusimama, kichwa kikagonga meza, kiwiko kikatua kwenye vitufe. Miongoni mwake kulikuwa na kitufe kinachofungua kipaza sauti cha fundi mitambo. Hilo nimeambiwa baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu, nikalisema kwa sauti yote niliyonayo.

"Waziri amejifungua!"

Chuo kizima kikasikia. Spika iko kantini, iko maktaba, iko mpaka ofisi ya mkuu wa chuo. Nami sikukomea hapo. Nilikuwa na uchungu, nikaendelea kumuuliza Waziri kwa nini alinificha muda wote huu, na kama Katibu ndiye baba.

Bwana Ratiba alibaki mdomo wazi nyuma ya kioo, karatasi zimemwanguka. Kisha mafunzo yakamshika. Akakaa sawa, akasema kwa sauti tulivu ya taarifa kwamba tutawaletea habari zaidi kuhusu tukio hilo kadiri zitakavyotufikia.

Zilifika kwa miguu. Mhadhiri alikuja mbio, kiatu kimoja. Nyuma yake mkuu wa chuo, akihema, akitengeneza tai, anauliza ni wizara gani na kwa nini hakuarifiwa juu ya ugeni huu. Nikamwonyesha begi. Alilitazama kwa muda mrefu. Waziri alikuwa amefikia mtoto wa nne na hakumjali.

Uamuzi: mtihani narudia Jumatatu saa nne, mara ya mwisho. Na mnyama yeyote asionekane tena karibu na mitambo. Mhadhiri alilisema hili polepole, neno moja moja, kisha akaniomba nilirudie. Nikalirudia.

Bwana Ratiba akakimbia kuleta lile boksi na taulo. Tukawahamisha. Akalibeba mwenyewe hadi nyumbani, na njiani nikamwambia asifikiri nimesahau kwamba alinichoma. Akaniuliza nimechomwa na nini.

Tulipofika, mlango wangu ulikuwa wazi. Mama Mwenye Nyumba amesimama ndani, na kando yake mwanamume mwenye ovaroli ameshika brashi. Fundi wa paka! Niliiona brashi, niliona makopo, niliona kuta zinang'aa, harufu ya rangi inanipiga usoni, na bado kichwani nilikuwa na jambo hilo moja. Mama akasema nimekuja vizuri, wamesikia kwenye redio ya fundi mambo ya ajabu, na mimi niliyeko huko chuoni nimwambie ni waziri gani huyo aliyejifungua.

Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Paka ni wangu wote. Usimpe fundi."

Mama akanitazama. Akamtazama fundi. Fundi akaitazama brashi yake.

"Paka gani?"

Boksi likajibu kwa sauti nyembamba nne, na moja nene ya Katibu.

Mama akasema yeye amemleta fundi wa kupaka rangi, kama alivyoandika. Nikatoa simu nikasoma kwa kidole, neno kwa neno. Kupaka! Jamani! Kupaka! Hakuna aliyenichoma. Hakuna aliyekuwa anajua lolote, ila Bwana Ratiba aliyenyamaza. Nimejichoma mwenyewe, tena kwa magoti. Fundi akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ameona kuta chafu maishani lakini hizi zimekula rangi mara mbili.

Mama amesema mpaka Jumatatu. Paka waondoke, au niondoke nao.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsamehe Bwana Ratiba. Amesema asante, ingawa hakuonekana kujua ni kwa lipi.

Nimezunguka chuo kizima natafuta mtu wa kuwachukua. Kila mtu ananiuliza mheshimiwa na watoto hawajambo. Kila mtu anataka picha na Waziri. Anayemtaka Waziri mwenyewe hakuna. Mama wa kibanda cha chai alikaribia kukubali, kisha akakumbuka mkaa.

Nimerudi nikakaa kitandani. Watoto wananyonya kwenye sweta langu. Katibu amelala juu ya miguu yangu. Nimelia kidogo, sitaficha. Ni shajara yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama alikuja kuangalia kama rangi imekauka. Akaniambia nisubiri nje. Nikasubiri koridoni na Bwana Ratiba. Rangi ile ilikauka jana, lakini Mama alikaa ndani muda mrefu sana. Kupitia mlangoni nilimsikia akimuuliza mtu kama amekula, kisha akimgombeza mtu mwingine kwa kula cha mzazi.

Alitoka gauni limejaa manyoya. Uso mkavu. Akauliza yule mweusi anaitwa nani, nikasema Katibu. Akaguna. Akazunguka nyuma ya nyumba, nikachungulia dirishani: anapima uwanja kwa hatua, kutoka ukutani hadi barabarani, anasimama, anatikisa kichwa, anapima tena. Bwana Ratiba alikuwa anatabasamu. Sikuona cha kuchekesha. Mtu hapimi ardhi bila sababu.

Jumapili, 9 Machi

Mungu wangu! Nilijua! Ujumbe umeingia sasa hivi:

"Kesho saa 4 nakuja na fundi ua paka wako na watoto wake wasitoke barabarani"

Ua! Ameandika ua, herufi mbili kavu, bila haya! Na watoto wake! Na jana alikuwa anapima makaburi mbele ya macho yangu, na mimi nikadhani amelainika!

Nimekimbia kwa Bwana Ratiba bila viatu. Amesoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Ameniambia, "Ni ua, ndugu yangu. Ua wa kuzungushia uwanja, watoto wasigongwe na magari. Soma tena." Eti nisome tena! Mimi sipakwi mafuta kwa mgongo wa chupa. Safari iliyopita nililisoma neno vibaya kwa sababu lilipungua herufi. Hili halijapungua kitu. Liko kamili.

Nimetulia. Akili imenirudia. Kesho saa nne nina mtihani studioni, taa nyekundu itawaka, na kuta zile hazipitishi sauti. Nimetafakari kwa makini kosa la Alhamisi na nimelipata.

Begi lilikuwa dogo. Nimeazima kubwa.