Nepi Zilizo Chini ya Krimu

Jirani yangu, ambaye uani kwetu tunamwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, anadai alilisikia gari la matangazo kwa masikio yake mwenyewe likisema kwamba kuanzia Jumatatu, mtoto atakayekojolea nepi ya dukani atahesabiwa ni mtu mzima na atapangiwa zamu ya kufagia barabara. Anadai pia kuna mwanamke alikuwa akipita na mwanawe mgongoni, akamvua palepale, akamwacha makalio wazi, na safari ikaendelea.

Mama Redio hutia chumvi. Tangazo lenyewe lilikuwa la busara kabisa. Lilisema Idara ya Usafi wa Majumbani imechunguza jalala la mtaa wetu, imekuta limejaa nepi za kutupa, na imebaini kwamba chanzo cha nepi hizo ni watoto. Kwa hiyo Idara inazindua Mpango Mkakati wa Nepi za Kitambaa.

Mimi nilifurahi. Mwanangu Kibonge hawezi nepi za plastiki. Akivaa moja tu, mapaja yanamwiva kama nyanya. Tangu azaliwe namfunga vitambaa nilivyokata kutoka shuka kuukuu, na kila asubuhi nafua kwenye bomba la uani. Nikasema, leo wakubwa wamenifuata mpaka kwenye beseni langu.

Utekelezaji ulikuwa na ugumu mmoja. Idara haiwezi kuingia kila chumba kuchungulia watoto. Ikaamuliwa kitaalamu kwamba nepi iliyoanikwa ni ushahidi wa nepi iliyovaliwa. Kila nyumba iwe na Kamba ya Ushahidi inayoonekana kutoka barabarani. Nyumba isiyo na kamba, gari la taka litaipita.

Mkaguzi wa Nepi alianza na mzee wa mlango wa kwanza wa uani kwetu, fundi viatu.

"Mwanangu wa mwisho ana ndevu," fundi akamwambia.

"Ndevu hazikutajwa kwenye waraka, mzee. Waraka umetaja nyumba."

"Sasa nianike nini?"

"Nepi."

"Za nani?"

"Za nyumba."

Fundi akaanika. Alikuwa hodari wa kubana vibanio, akawa anasifiwa mtaa mzima.

Ili kuturahisishia, Idara ikatugawia nepi rasmi. Zilikuwa nyeupe, ngumu, zinang'aa, na zilichaguliwa kwa sifa moja kubwa: hazishiki doa. Mama Redio alimwagia yake chai kuijaribu. Chai ikateleza yote ikamwangukia miguuni.

"Haishiki doa kwa sababu haishiki kitu," akasema huku akirukaruka. "Hili ni pazia la bafuni, shoga yangu!"

Wazazi wakaelewa wajibu wao haraka. Nepi rasmi zikakaa kambani, watoto wakakaa na plastiki ndani. Jalala likazidi kupanda na mtaa ukazidi kuwa mweupe. Idara ikatangaza mafanikio.

Aliyeharibu mambo ni mimi. Mkaguzi alipofika kwenye kamba yangu ya vitambaa vya shuka alisimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Dada, hizi ni nini?"

"Nepi, kaka."

"Zimefanywa nini?"

"Zimevaliwa."

Alishtuka kama mtu aliyekuta kuku kitandani. Shingoni alikuwa na kadi ya duka la rangi, ile yenye vipande vya rangi za ukuta, ambayo ndiyo kipimo rasmi cha weupe. Akaishika nepi yangu moja kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye kadi. Nyeupe ya Theluji, haikufika. Nyeupe ya Maziwa, haikufika.

"Hii imeshuka chini ya Krimu," akasema kwa huzuni. "Inaingia Mchanga."

"Ni kivuli tu, kaka. Nimefua, nimechemsha, nimeanika juani. Mtoto akila karoti, ndiyo hivyo tena."

"Dada, sisi tunahamasisha nepi za kitambaa. Hatukusema mtoto achezee vifaa vya Mpango."

Kisha akanieleza kanuni. Nyumba inayotumia maji bila kupata weupe inayatumia maji vibaya. Bomba lake halifungwi, kwa sababu Idara haimfungii mwananchi maji. Linapumzishwa. Akatoa kufuli kubwa mfukoni, akalipumzisha.

Uani wote tulikosa maji, lakini wa kuumia hasa alikuwa Kibonge. Nikawa napanga foleni na ndoo kwenye bomba la mtaa wa pili, mtoto mgongoni, na maji niliyobeba yakawa hayatoshi kupika na kufua. Siku nepi zisipofuliwa, inabidi nimvalishe ya plastiki, na usiku anakunja miguu na kulia mpaka sauti inakauka. Nilikwenda ofisini kuomba bomba liamshwe. Karani, dada mpole sana, akaniambia, "Ombi lako limepokelewa, linafanyiwa kazi." Nikarudi tena. Akaniambia limepokelewa zaidi.

Ndipo ikaja Siku ya Kilele. Uani kwetu palichaguliwa kwa sababu ndipo penye kamba ndefu. Mkaguzi alikuja mapema, akaniomba nepi zangu zijifiche chini ya kitanda mpaka mgeni rasmi aondoke, nami nikazificha. Sikutaka ugomvi, nilitaka bomba. Nilipanga Mkurugenzi wa Idara mwenyewe akimaliza hotuba nimpigie goti.

Mkurugenzi alishuka garini na suti nyeupe pe. Nyeupe ya Theluji, bila kubishana. Mikononi alibeba mjukuu wake, mtoto mnene, mchangamfu, ambaye ratiba ilimwita Mjukuu wa Mfano. Alikuwa amefungwa nepi rasmi.

Mama Redio akanishika mkono. "Mungu wangu. Yeye amemvalisha kweli!"

Hotuba ikaanza. Mkurugenzi alisema nepi ni msingi wa nidhamu. Alisema taka inaanzia nyumbani. Alipofika kwenye uwajibikaji wa kila kaya, mjukuu akanyamaza, akakodoa macho mbali, uso ukamjaa. Kila mama pale uani alijua. Mkurugenzi alidhani mtoto anasikiliza.

Ilianza kwapani, ikashuka kwenye koti, ikafuata mkunjo wa suruali mpaka kwenye kiatu. Nepi rasmi yenyewe ilibaki safi kabisa, haikupata hata doa.

"Kitambaa! Haraka!" Mkurugenzi akapaza sauti.

Mkaguzi akanyofoa nepi rasmi kambani, akafuta. Nepi ikasambaza. Akanyofoa nyingine, ikasambaza kwa usawa, bila upendeleo, mbele na nyuma. Fundi viatu akamsihi awe mwangalifu, ile kamba ameihangaikia.

"Maji!" akasema Mkurugenzi. "Bomba hilo hapo! Fungueni!"

"Limepumzishwa, mkuu," akasema Mkaguzi.

"Na nani?"

"Na wewe, mkuu. Kwa waraka wako."

"Liamshe!"

"Ufunguo uko ofisini. Na ofisi imefungwa, wote tumekuja hapa kwenye kilele."

Mtoto alikuwa ameanza kulia, na mtoto hana kosa. Nilikuwa na nusu ndoo niliyoteka alfajiri, ya kumwogeshea Kibonge na kumfulia. Nikampokea mjukuu, nikachota kidogo, nikamwosha. Nikaingia ndani, nikavuta nepi moja chini ya kitanda, ile ya Mchanga, nikamfunga. Akatulia, akaanza kuvuta kilemba changu.

Kadi ya rangi ilikuwa imemdondoka Mkaguzi katika ile hekaheka. Mama Redio aliiokota, akaipangusa, akamsogelea Mkurugenzi kwa adabu zote na kuiweka kwenye bega la suti.

"Theluji, hapana," akasema. "Maziwa, hapana. Krimu..." Akageuza kichwa huku na huku. "Baba, umeshuka chini ya Krimu. Hapa umeshapita hata Mchanga. Mkaguzi, hebu tusaidie, mtu wa namna hii kanuni inasema afanyweje?"

Mkaguzi alikuwa mtu wa kanuni. "Anapumzishwa," akajibu, kabla hajajua amejibu nini.

Uani wote ukaangua kicheko. Aliyekuwa akicheka zaidi ni dereva wa Mkurugenzi, ambaye tayari alikuwa amefunga milango ya gari na kupandisha vioo.

Mkurugenzi hakucheka. Jua lilikuwa limesimama, na suti ilikuwa inaanza kukauka juu yake. Aliitazama ndoo yangu, ambamo maji yalikuwa yamebaki kidogo chini. Kibonge alikuwa ameketi kando ya ndoo, nepi imemlowa, ananinyooshea mikono.

"Mwanangu," Mkurugenzi akaniambia, sauti chini. "Nakuomba hayo maji."

"Ombi limepokelewa, baba," Mama Redio akamjibu kutoka nyuma yangu.

Yeye hakumgeukia. Alinitazama mimi.

"Kidogo tu, mama. Ya mikono."