Sega Zito la Kisesa

Jumanne, 5 Agosti 1997

Na kwa hiyo jibu langu bado ni hapana, hata Lukman aape kwa wino mwekundu. Bomba tupu sitaki! Mayala wangu amejilaza baada ya kazi, mdomo wazi, mzuri kuliko kwenye picha za arusi. Mimi nimekaa mlangoni na daftari na hasira zangu.

Wiki ya saba ya ndoa, na gari limeziba. Linawaka vizuri, likifika mwinuko linahema kama ng'ombe aliyemeza mfuko. Lukman, fundi wetu hapa Kiseke, kaingia chini yake, katoka na jibu: sega. Ndio ule mtungi wa chuma katikati ya ekzosi, ndani una vitundu kama sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Anasema Wajapani waliutengeneza kwa petroli ya kwao. Ya kwetu ina madini ya risasi, na risasi inaua sega lolote, jipya kwa kuukuu. Dawa yake: kata, tupa, unga bomba tupu. Kazi ya asubuhi moja.

Mayala akaitikia. Mimi nikakataa. Dada yake, wifi Dorcas, ana mume mwenye pikapu ya bomba tupu. Pius akiiwasha asubuhi, kuku wa mtaa mzima wanasahau kutaga. Nirudi kwa mama kwa kishindo hicho?

Kwetu Misungwi binti aliyeolewa harudi nyumbani peke yake mara ya kwanza. Hurudishwa na mumewe, mchana, watu wakiona. Mumewe hupita upande wa wanaume, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kugusana mikono. Mama ananisubiri. Ametenga jogoo. Nami namkumbuka hadi harufu ya kanga zake. Nataka gari liingie uani kimya kama paka, asikie kicheko changu kwanza.

Nimemwambia Mayala tutapata sega lenyewe, gari libaki kama lilivyozaliwa. Kama ndoa yetu, bila kiraka! Akanibusu pajini. Hakuuliza nitalipata wapi. Afadhali. Sijui.

Alhamisi, 7 Agosti

Dorcas kaja kuazima ungo. Ungo! Anao wawili. Kalizunguka gari, kapiga tairi teke, kauliza kama tumeshaanza kufugia kuku ndani. Kisha akasema wifi yangu mpenzi, Jumapili Pius atawapeleka Misungwi kwa pikapu, wewe na mumeo mkae nyuma, mshike turubai. Nilimshukuru kwa meno tu.

Lakini kabla ya kuondoka alidondosha neno. Kisesa kuna bwana mmoja, Masalu, anayevunja magari mabovu na kuuza viungo. Hata kubadilishana vitu anakubali. Sikuonyesha kwamba nimesikia.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Mayala kaenda kwenye mpira. Nimechukua baiskeli yake, nimekanyaga hadi Kisesa. Mguu wa kulia hauniamini tena.

Masalu alitandika gunia, akapanga masega matatu. La kwanza jipya, linang'aa, nikaliona limezidi urembo. La pili kuukuu, jepesi, ukilipuliza hewa inatoka upande wa pili. La tatu zito, mikono miwili! Nikalichagua papo hapo. Mimi ni binti wa mkulima wa pamba, nimekulia kando ya mizani. Kizito ndicho kizima. Masalu akasema hajawahi kuona mwanamke anayejua vyuma hivyo. Nilipendeza sana pale.

Alitaka baiskeli. Nikatoa.

Nimerudi na basi la kutoka Magu, sega nimelifunika kanga mapajani. Mama jirani wa kiti akauliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia wa mwaka themanini na nane, kama gari letu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimpa Mayala zawadi yake asubuhi. Alifungua kanga, akalipakata, macho yakalowa. Akasema hakuna mwanamume Mwanza nzima mwenye mke kama huyu. Nikalia, akalia.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchukua baiskeli, twende kanisani.

Akarudi. Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Alisema tu, basi, tutembee. Ile baiskeli ilimleta Misungwi kila Jumamosi kwa miaka miwili, jua na mvua. Kwenye kerea yake ndipo aliponiuliza kama nitamkubali, tena kwenye mteremko, breki hazishiki. Nilijibu ndiyo kwa hofu na kwa mapenzi. Na mimi nimemwachia Masalu hata kengele! Kengele ningeweza kuifungua.

Jumanne, 12 Agosti

Lukman kataka kulichokoa sega kwa waya kabla ya kulifunga. Nimemkatalia. Zawadi haichokolewi. Akasema shemeji, hata pamba nzito huwa na mchanga ndani. Kumsema baba yangu hivyo! Nikabeba sega langu nikaondoka. Mayala anasema atalifunga mwenyewe Jumamosi, kwa mikono yake, kwa ajili yangu. Moyo wangu umejaa.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mayala alifunga sega asubuhi. Gari likawaka, likakohoa mara moja, likafa. Akarudi chini, miguu tu nje, viatu vimetoboka soli. Ndipo nikasikia "Mwangaluka!" getini, salamu ya asubuhi ya kwetu. Mama! Kaja mjini kuuza choroko, kashindwa kupita bila kuniona.

Ningesema ukweli pale pale. Ningemtoa nje kidogo, Mayala apate njia ya nyuma. Badala yake mdomo wangu ukasema: mume wangu yuko kazini, huyu ni fundi.

Mama akaomba kigoda, akaketi kando ya gari. Alisema mafundi wa mjini wakiachwa peke yao wanalala. Akaanza kuisimamia ile miguu. Fundi, harakisha, mwanangu anatakiwa nyumbani. Fundi, huyo mkwe wangu ana akili gani kumpa kazi mtu mwenye soli kama chujio? Chini kukajibu "Ee, mama," sauti nene ya kukoroma, ambayo sijawahi kuisikia kwa mume wangu.

Hivyo hadi saa saba mchana. Mimi mbio jikoni, mbio uani, nazungumza mambo ya kuku ili mama asiiname. Huruma ikamwingia. Akachukua karanga za kukaanga alizoniletea, akapitisha kiganja chini ya gari, akasema pokea, fundi, umefanya kazi na njaa. Mkono mweusi wa grisi ukatoka. Na kwenye mkono huo pete. Pete zetu mbili zilifuliwa kutoka bangili ya shaba ya mama mwenyewe.

Vidole vyao viligusana.

Mama alisimama. Akajifunika kanga hadi usoni, akageukia ukuta, akatoka getini bila kuniaga. Karanga zimebaki chini. Tangu arusi nimeomba kumwona mama, naye alikaa uani kwangu nusu siku, na sikumshika hata mkono.

Jumapili, 17 Agosti

Lukman kachokoa. Nusu debe la udongo! Nyigu walijenga humo miaka na miaka. Dorcas aliita majirani waje waone.

Mjomba wangu Mihayo naye kaja kutoka Misungwi, uso mzito. Anasema aibu ya jana inaondolewa kwa mbuzi, na mbuzi apelekwe na Mayala mwenyewe. Mayala akasema vizuri, kesho Lukman aunge bomba tupu, Jumatano tuko Misungwi. Alinitazama kwa upole, akingoja niseme ndiyo.

Jumanne, 19 Agosti

Nimejifunza! Nakiri kosa langu kwa moyo wote: nilichagua kwa uzito. Kizima ni kile chepesi, kile kilichopitisha hewa. Nimepeleka habari kwa Masalu, bado analo. Anataka cherehani yangu tu. Lukman nimemwambia asubiri, Mayala nimemwambia ana mke mwerevu. Alikuwa anamfunga mbuzi kwenye bampa.

Mama nimemwandikia leo. Mama yangu, nisamehe, usimchinje jogoo bado. Kabla mwezi huu haujaisha tutaingia uani kwako, mimi, mume wangu na mbuzi, na hutasikia hata mlio.